Nyota badilifu na nyota mkia: jinsi ya kuzipima kwa macho yako mwenyewe, na kwa nini kadirio lako linahitajika

Wakuu habari za muda huu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aruke moja kwa moja mpaka kwenye sehemu ya kupima.

Watu wengi wanaamini nyota zimetulia tu huko juu, jana ziko vile na kesho ziko vile vile. Sio kweli kabisa. Zipo nyota ambazo mwanga wake unapanda na kushuka, nyingine kwa masaa, nyingine kwa siku, nyingine inachukua karibu mwaka mzima kwenda na kurudi, na nyingine zinakaa kimya miaka mingi alafu usiku mmoja zinalipuka mpaka mtu anaziona kwa macho matupu. Hizo ndo zinaitwa nyota badilifu. Nyota mkia nazo tabia zao ni hizo hizo, leo ni kiwingu hafifu cha kutafuta kwa shida, wiki ijayo ina mkia mrefu, wiki inayofuata imevunjika vipande na haipo tena.

Sasa hivi vitu viwili vinahitaji kitu kimoja ambacho darubini kubwa za dunia hazina, nacho ni muda. Darubini kubwa inagombaniwa, mwanasayansi anaandika maombi miezi kadhaa kabla na akibahatika anapewa usiku mmoja au miwili, hawezi kukaa na nyota moja mwaka baada ya mwaka. Alafu kamera za hizo darubini zimetengenezwa kwa vitu hafifu sana, ukizielekeza kwenye nyota angavu zinafurika mwanga na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo nyota ambayo mimi na wewe tunaiona bila kifaa chochote ndo hiyo hiyo mtambo mkubwa unashindwa kuipima. Hapo ndo mtu wa kawaida anaingia, na sio kwa kuhurumiwa, ni kwa sababu kazi yake inatumika.

Chama cha waangalizi wa nyota badilifu cha Marekani, AAVSO, kilianzishwa 1911 na hazina yake ina makadirio zaidi ya milioni 50 yaliyotumwa na watu wa kila aina kutoka dunia nzima. Waingereza wa chama cha astronomia cha BAA wana kitengo cha nyota badilifu tangu 1890. Upande wa nyota mkia ipo hazina inaitwa COBS inayoendeshwa kutoka Slovenia. Kote huko unaweza kutuma ulichokiona, hakuna anayekuuliza digrii.

Na hii sayansi yenyewe imejengwa na watu wa namna hiyo toka zamani. Mwaka 1596 mchungaji mmoja wa kanisa, David Fabricius, aliona nyota kwenye kundi la Cetus ikapotea alafu baadaye ikaja kuonekana tena, ndo hiyo tunaita Mira, inapanda mpaka magnitudo 3 hivi (hicho ni kipimo cha mng'ao, namba ndogo ndo angavu zaidi) na wakati mwingine zaidi, inashuka mpaka 9 au zaidi, mzunguko wake, yani kupanda na kushuka mara moja, ni siku kama 332. John Goodricke alikuwa kijana kiziwi huko York, Uingereza, alianza kuifuatilia Algol Novemba 1782 akiwa na miaka 18, kwa macho tu, akagundua inafifia kila baada ya siku 2 masaa 20 na dakika 49, tena akapendekeza kwamba huenda kuna mwili mwingine mweusi unaopita mbele yake na kuifunika. Wakampa medali ya Copley 1783. Miaka mitatu baadaye alifariki akiwa na miaka 21 tu, lakini alikuwa ameshaacha na Delta Cephei, ambayo ndo iliyotoa jina la kundi zima la nyota za Cepheid, na hizo Cepheid ndo Henrietta Leavitt alizifanyia kazi na 1912 akaonyesha kwamba mzunguko wake ukiwa mrefu na mng'ao wake halisi unakuwa mkubwa, alafu mwanasayansi Edwin Hubble akazitumia kujua kwamba galaksi ya Andromeda iko mbali, nje kabisa ya galaksi yetu. Yani kutoka kwa kijana wa York mpaka ukubwa wa ulimwengu, ndani ya miaka kama 140. Mimi hii habari kila nikiisoma inanipa nguvu ya kutoka nje usiku.

Na upande wa nyota mkia, mwanasayansi Mwingereza Edmond Halley alitabiri kwamba ile nyota mkia ya 1682 itarudi mwishoni mwa 1758, wanaastronomia wa Ulaya wakaisubiri kwa hamu, aliyeiona wa kwanza ni Johann Georg Palitzsch, mkulima wa karibu na Dresden aliyejifundisha mwenyewe, tarehe 25 Desemba 1758.

KUPIMA SASA

Kwanza uelewe magnitudo. Namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi. Tofauti ya magnitudo 5 ni mara 100 za mwanga, kwa hiyo magnitudo 1 ni kama mara 2.5. Jicho tupu kwenye giza zuri linafika 6 hivi, darubini ndogo ya macho mawili, yani binokula, inafika 9 au zaidi kidogo.

Njia ya kupima ni ya kulinganisha. Unachukua chati ya nyota yako, na chati hizo unazipata bure kwenye tovuti ya AAVSO, unaandika jina la nyota inakutolea ramani yenye namba pembeni ya nyota zisizobadilika. Ukiona 54 maana yake ni 5.4, nukta wameiondoa ili mtu asije akaidhania ni nyota. Unatafuta moja inayong'aa kuzidi nyota yako kidogo na nyingine iliyo hafifu kuliko nyota yako, alafu unajiuliza nyota yangu iko wapi katikati ya hizi mbili.

Mfano wa kweli. Eta Aquilae iko karibu na ikweta ya anga, yani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo aliye kaskazini na aliye kusini wote wanaipata. Inacheza kati ya 3.5 na 4.4 kwa siku 7 na kidogo. Jirani zake ni Beta Aquilae yenye 3.7 na Iota Aquilae yenye 4.4. Unatazama Beta, unatazama Eta, unatazama Iota, unarudi tena, usikazie macho sehemu moja. Tuseme umeona Eta ni hafifu kuliko Beta ila kidogo tu, na kufika kwa Iota bado safari. Gawanya nafasi yote vipande 7 kichwani, ukiona iko vipande viwili kutoka Beta na vitano kutoka Iota, basi ni 3.7 ongeza 0.2, jibu 3.9. Umemaliza. Andika 3.9, andika tarehe na saa kwa muda wa dunia yani UT, andika nyota ulizolinganisha nazo, na hali ya anga kama kulikuwa na mwezi au ukungu.

Kuna vitu ambavyo lazima uvizingatie la sivyo kadirio linapotoka. Kaa gizani dakika 20 mpaka 30 kwanza na simu usiiguse, au iweke kwenye mwanga mwekundu hafifu. Nyota zote tatu ziwe kwenye urefu unaokaribiana kutoka upeo wa macho, maana iliyo chini mwanga wake unapita kwenye hewa nene unapungua, ukilinganisha ya chini na ya juu utakuwa umepima hewa badala ya nyota. Geuza kichwa pia kama nyota ziko mstari mmoja, kwa sababu jicho lina upande linaoupendelea.

Na nyota nyekundu zina mtego wake. Mira, Betelgeuse, R Leonis, hizi ukizikodolea macho muda mrefu zinaonekana zinazidi kung'aa zenyewe, ni jicho ndo linafanya hivyo. Dawa yake ni kutazama haraka haraka, mtupo wa jicho mmoja mmoja, au kuvuruga fokasi kidogo ili nyota zote ziwe viduara.

Alafu jambo ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote: kabla hujapima usiende kuangalia wenzako wameandika ngapi, usiangalie grafu, usiangalie hata ulichoandika wewe mwenyewe jana. Ukishajua kwamba wengine wamesema 4.2 jicho lako litakupa 4.2. Andika ulichoona.

Nakaribisha maswali.

---

MDAU: "Mkuu uzi mzuri ila sijaelewa kitu kimoja. Kila mtu ana jicho lake, mimi nitasema 3.9 mwingine 4.2, hiyo ni data gani sasa? Kamera si inamaliza ubishi?"

Swali zuri sana hili. Ni kweli makadirio ya macho yanatofautiana, 0.2 au 0.3 kati ya mtu na mtu ni kawaida. Lakini angalia unapima nini. Chi Cygni inatoka 3.3 wakati wa kilele mpaka 14.2 ikiwa chini, hiyo ni zaidi ya magnitudo 10, tunaongelea zaidi ya mara elfu 10 za mwanga, hiyo 0.2 yako haionekani hata kwenye grafu. Pia kila mtu kosa lake linakuwa la upande mmoja muda wote, wewe unaona nyekundu kali kidogo na utaendelea kuiona hivyo, kwa hiyo wachambuzi wakikusanya makadirio ya watu 50 mstari unatoka safi kabisa.

Na sababu nyingine ambayo watu wanaisahau, Mira na wenzake wana rekodi za macho zaidi ya miaka 100. Ukitaka kujua kama mzunguko wa nyota unafupika au unarefuka taratibu unahitaji kipimo kile kile kiendelee, jicho la leo lilinganishwe na jicho la 1910.

Kamera ni nzuri kweli, sijasema ziachwe. Kamera ya kawaida ya kubadili lenzi, ukitumia rangi ya kijani peke yake kwenye picha mbichi (RAW), unapata kipimo kinachokaribiana sana na kile cha chujio la V linalotumiwa na wataalamu, na unafika usahihi wa sehemu ndogo ya magnitudo ambayo jicho halifiki. Kwa nyota zinazofifia kidogo sana kamera ni bora. Ila anza na jicho, ndo linakufundisha anga.

---

MDAU: "Sina darubini. Zipo za macho matupu?"

Zipo na ni nzuri. Algol nimeitaja, inatoka 2.1 inashuka 3.4 na tukio zima la kupatwa linachukua kama masaa 10, ratiba zake ziko mtandaoni, ukitoka nje kila nusu saa unaona kwa macho yako nyota inazama na kuibuka. Delta Cephei kwa walio kaskazini, 3.5 mpaka 4.4 kwa siku 5.4, walinganishaji wake Zeta na Epsilon Cephei wako hapo hapo jirani. Walio kusini wana l Carinae, mzunguko siku 35 na nusu.

Na Betelgeuse, ile nyekundu ya bega la Jabari yani Orion. Hii mwishoni mwa 2019 ilianza kushuka, kufikia Februari 2020 ilikuwa kwenye 1.6 hivi wakati kawaida yake inazunguka 0.5, watu wakaanza kusema inalipuka. Haikulipuka, ilikuwa imetema gesi, ile gesi ikapoa ikawa vumbi na likaziba upande wetu. Lakini fikiria jinsi dunia nzima ilivyoweza kusema "hii si kawaida yake", ni kwa sababu kulikuwa na rekodi ya miongo mingi ya kuonyesha kawaida yake ni ipi. Ukiipima tumia Procyon 0.4, Aldebaran 0.9 na Pollux 1.1, ila angalia urefu wake angani maana zimetawanyika.

---

MDAU: "Hivi ikitokea nimeangalia nyota yenyewe sijaiona kabisa, nimepoteza usiku?"

Hapana!! Na naomba kila mtu alisome hili jibu.

Kama nyota haionekani, unatafuta nyota hafifu kuliko zote unayoiona kwenye chati, tuseme ni 11.2, unaandika <11.2, maana yake "ni hafifu kuliko 11.2". Hiyo ni data kamili. Siku nyota ikilipuka, ile alama yako ndo inayosema mlipuko ulianza baada ya saa fulani.

Nawapa mfano mkubwa. Kuna jamii ya nyota zinaitwa nova kibete, ni nyota mbili zinazozungukana kwa karibu sana, moja ni kibete nyeupe, yani mabaki madogo mazito ya nyota iliyokufa, inayomnyonya mwenzake gesi, ile gesi inajikusanya kwenye sahani inayozunguka, ikijaa inaporomoka na mwanga unapanda ghafla. SS Cygni ndo maarufu, imejulikana tangu 1896, inakaa kwenye 12 alafu kila baada ya wiki saba hivi, ila haina saa maalum, inaruka mpaka 8. Darubini ya Hubble ilipotaka kuzipima nyota za aina hii kwa mwanga wa urujuanimno kwenye 2012 na 2013, kulikuwa na hatari kwamba nyota ikilipuka wakati Hubble inaitazama kifaa kingeweza kuumia. Kwa hiyo waliwategemea waangalizi wa AAVSO wathibitishe kwamba nyota imetulia ndo Hubble igeuzwe. Yani taarifa ya "hakuna kilichotokea" ndo iliyokuwa ufunguo.

Na SS Cygni hiyo hiyo ina kisa kingine. Hubble ilikuwa imeipima umbali ikatoa kama miaka ya nuru 520. Tatizo ni kwamba kwa umbali huo nyota inakuwa inang'aa mno kiasi kwamba nadharia yote ya ile sahani ya gesi inakataa, ikabidi ama nadharia ife ama kipimo kiwe na kasoro. Njia nyingine ya kupima ni kwa mawimbi ya redio, lakini SS Cygni inatoa redio wakati wa mlipuko tu na mlipuko haupigi hodi. Sasa nani anajua umeanza? Waangalizi wa kawaida, kila usiku, nchi tofauti, mmoja akipata mawingu mwenzake ana anga safi. Wakiona inapanda wanatoa taarifa na darubini za redio zinageuzwa. Matokeo yalitoka 2013, umbali ni kama miaka ya nuru 370, nadharia ikapona, na baadaye chombo cha angani cha Gaia kinachopima umbali wa nyota kikaja na jibu lile lile. Kazi ile bila watu wanaokaa nje usiku isingefanyika.

---

MDAU (mwangalizi wa nyota mkia): "Mleta uzi naomba niongezee upande wa nyota mkia maana ndo ugonjwa wangu." Maelezo yake ni haya:

Nyota mkia ni ngumu zaidi kupima kwa sababu sio nukta, ni wingu. Nyota mwanga wake wote uko sehemu moja ila nyota mkia mwanga umesambaa, ukilinganisha moja kwa moja unadanganyika. Njia rahisi inaitwa ya Sidgwick. Tazama nyota mkia ikiwa kwenye fokasi, jifunze kichwani koma yake, yani lile wingu linalozunguka kiini, ni pana kiasi gani na mng'ao wake kwa wastani ukoje. Kisha nenda kwenye nyota ya kulinganishia, ivuruge fokasi mpaka iwe duara lenye upana sawa na ile koma uliyoikariri. Sasa linganisha mng'ao wa yale maduara. Nyota ya 6.2 ikivurugwa inang'aa kuzidi koma, ya 7.0 imefifia kuliko koma, na unaona koma iko katikati, basi ni 6.6. Ikiwa kiini kimekaza sana kuna njia ya Bobrovnikoff, hapo unavuruga vyote viwili.

Tumia kifaa kidogo kuliko vyote kinachoionyesha vizuri. Darubini kubwa inaifanya nyota mkia ionekane hafifu kuliko ilivyo kwa sababu kingo za koma zinapotea, ndo maana kwenye ripoti lazima uandike kipenyo cha kifaa na ukuzaji.

Pima na upana wa koma. Kama darubini yako ina mota izime, acha nyota mkia ielee yenyewe, hesabu sekunde kuanzia ukingo wa mbele wa koma unagusa uzi wa kioo cha macho mpaka ukingo wa nyuma unatoka. Karibu na ikweta ya anga kila sekunde ni sekunde 15 za nyuzi, kwa hiyo sekunde 20 ni dakika 5 za nyuzi. Ikiwa mbali na ikweta unazidisha na kosaini ya latitudo yake ya anga. Mwisho unatoa alama ya kukaza kwa koma kuanzia 0, wingu tupu lisilo na kitovu, mpaka 9, inafanana na nyota. Hiyo alama ndo naipenda maana ndo inayotoa dalili mapema, ukiona ilikuwa 6 inashuka 4, inashuka 2, na mwanga unapungua wakati inazidi kulikaribia Jua, hiyo nyota mkia inakufa.

Msishangae utabiri ukifeli. Hesabu ya kawaida inachukua umbali wake kutoka kwetu na umbali wake kutoka kwenye Jua, ila umbali wa Jua una kipeo ambacho kila nyota mkia ina cha kwake, na hakijulikani mpaka watu wapime. Nyota mkia ISON iliyogunduliwa 2012 ilitangazwa kwa kishindo, tarehe 28 Novemba 2013 ikapita karibu na Jua ikasambaratika. Kinyume chake ni 17P/Holmes, Oktoba 2007 ilikuwa kwenye 17 huko, kitu cha kutafuta kwa darubini kubwa, ndani ya siku mbili hivi ikawa 2.8 watu wanaiona kwa macho. Hiyo ni kama mara laki tano! Hakuna mtabiri aliyeisema. Hata 29P/Schwassmann-Wachmann iko mbali kupita Jupita lakini inalipuka mara kadhaa kwa mwaka na wanaoilinda usiku hadi usiku wengi ni watu wa kawaida.

---

MDAU: "Lakini siku hizi mitambo ya kupekua anga ya ATLAS na Pan-STARRS inagundua kila kitu, na darubini mpya ya Rubin ndo imeanza. Sisi tumebaki kutazama tu?"

Kugundua kumekuwa kugumu, hilo ni kweli. Zamani Bradfield wa Australia aligundua nyota mkia 18 peke yake, Yuji Hyakutake alipata ile kubwa ya 1996 kwa binokula kubwa, na Thomas Bopp 1995 alikuwa anatazama kwa darubini ya rafiki yake alipoipata Hale-Bopp. Leo mitambo inazikamata zikiwa bado mbali. Ila ina pengo, haifanyi kazi vizuri karibu na Jua, kwenye mwanga wa jioni na alfajiri. Agosti 2023 Hideo Nishimura wa Japani alipiga picha anga la alfajiri kwa kamera ya kawaida na lenzi, akapata C/2023 P1. Gennadii Borisov, Agosti 2019, kwa darubini yenye kioo cha sentimita 65 aliyoitengeneza mwenyewe, alipata nyota mkia ya kwanza kujulikana kutoka nje ya mfumo wetu wa Jua. Na kuna zaidi ya nyota mkia 5,000 zilizoonekana kwenye picha za chombo cha SOHO kinacholitazama Jua, nyingi zimegunduliwa na watu waliokaa mbele ya kompyuta nyumbani wakipekua picha ambazo ziko wazi kwa kila mtu.

Alafu kugundua sio kazi yote jamani. Mtambo unakwambia kitu kipo, ila nani anakifuatilia usiku kwa usiku kikishakuwa angavu? Mtu ninayemheshimu kuliko wote kwenye hii kazi ni Albert Jones wa New Zealand. Alitoa makadirio zaidi ya laki tano ya nyota badilifu maishani mwake, kwa macho. Mwaka 1946 alikuwa anakwenda kupima nyota inaitwa U Puppis, njiani akakuta kiwingu kisichokuwepo kwenye ramani, ikawa nyota mkia. Februari 1987 akawa miongoni mwa waliotoa taarifa za kwanza za supanova 1987A, yani mlipuko wa nyota kubwa. Mwaka 2000, akiwa na miaka 80, akapata nyota mkia nyingine. Hakutoka nje kutafuta umaarufu, alikuwa anapima nyota zake, na kwa sababu alilijua anga kwa undani kitu kigeni hakikuweza kumpita.

Na kama unataka kuwa tayari kwa tukio, jifunze sasa hivi umbo la Corona Borealis. Humo kuna T Coronae Borealis, muda wote iko kwenye 10, ililipuka 1866 na 1946 ikafika kama 2, fanyeni hesabu wenyewe. Mlipuko wake unafifia haraka, kwa macho matupu inaonekana siku chache tu. Kundi hilo hilo lina R Coronae Borealis yenye tabia ya kinyume, inakaa kwenye 6 alafu inatema masizi ya kaboni yanayoifunika mpaka 14. Binokula moja, kundi moja dogo, nyota mbili za kulinda kila usiku ulio safi.

---

MDAU: "Nimejaribu Eta Aquilae kama ulivyoelekeza. Nimepata 4.3. Nimetuma alafu nikaangalia wengine usiku huo huo wana 3.9 na 4.0. Nirekebishe?"

Usirekebishe. Angalia kwanza mambo matatu. Je ulitumia nyota sahihi, fungua chati uhakikishe Iota ni Iota na sio jirani yake, hapo ndo watu wengi wanapotelea. Je Aquila ilikuwa chini karibu na upeo wa macho? Je kulikuwa na mwezi au wingu jembamba upande mmoja? Ukikuta ulichanganya nyota, futa lile kadirio kabisa na useme sababu. Ukikuta nyota zilikuwa sahihi na hali ilikuwa mbaya, liache 4.3 na uongeze maelezo kwamba ilikuwa chini au kulikuwa na mwezi, kuna herufi za kuweka kwenye ripoti kwa ajili hiyo. Ukikuta kila kitu kilikuwa sawa, liache kama lilivyo bila neno. Mchambuzi anajua cha kufanya na namba iliyo mbali na wenzake, asichoweza kukifanya ni kuijua namba iliyosogezwa kimya kimya ifanane na za wengine.

Alafu kesho yake saa ile ile pima tena bila kuangalia grafu. Eta inashuka taratibu ila inapanda haraka, kwa hiyo siku chache zijazo ndo nzuri zaidi za kuikamata ikigeuka.